Saa Nilizozifuta

Mzee aliyekuwa akitunza kitalu nyumba cha shangazi yangu hakuwa na neno "unyevu" katika mazungumzo yake. Aliingia alfajiri, akapitisha kiganja chini ya majani ya nyanya kama mtu anayempapasa mtoto paji la uso kujua kama ana homa, kisha akatoka na taarifa yake: "Leo yamelala makavu," au "Leo yamelala na maji." Mimi nilikuwa na vihisi vinne, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani na shahada ya chuo kikuu. Nilimwitikia "sawa mzee" bila kuinua macho kwenye simu.

Kitalu chenyewe kiko kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Tengeru. Upana mita 8, urefu mita 30, miche kama elfu moja ya nyanya aina ya Anna F1 iliyopandishwa kwenye kamba. Shangazi alikijenga kwa kiinua mgongo baada ya kustaafu ualimu. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue nilikuwa nachezea fedha ya nani.

Nilifika pale na wazo ambalo hata leo sioni kama lilikuwa baya: kukusanya vipimo vya joto na unyevu, kuifundisha kompyuta ibashiri usiku utakuwaje, halafu iamue yenyewe kufunga au kufungua mapazia ya pembeni. Nilikuwa nimesoma habari za mashindano yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, mwaka 2018, ambapo timu zililima matango kwenye vyumba vya vioo zikiongoza hewa, maji na mwanga kwa kompyuta. Timu ya Sonoma, iliyokuwa na watu wa Microsoft, ilishinda, na ikawapita hata wakulima wazoefu waliolima chumba cha kulinganishia. Nilimsomea shangazi habari hiyo kwa sauti. Sikumwambia kuwa chumba cha Kiholanzi kina mabomba ya maji ya moto, hewa ya ukaa inayopulizwa kwa kipimo, mapazia ya kivuli na taa. Sisi tulikuwa na plastiki, neti ya kuzuia kantangaze, mipira ya matone na mota moja ya kukunja pazia, ambayo umeme ukikatika ilibaki pambo. Vitu ambavyo kompyuta yangu ingeweza kuvigusa havikuzidi viwili.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Machi vihisi vilisoma kila baada ya dakika 10, yaani mara 144 kwa siku. Nikapata mistari zaidi ya 30,000. Nikaiandalia modeli ya aina inayokusanya kura za miti mingi ya maamuzi: kila mti unakisia, kisha unachukuliwa wastani. Ili kuipima, nikaichanganya mistari yote kama karata, nikatenga mmoja kati ya kila mitano uwe wa mtihani. Matokeo yalinitoa machozi ya furaha. Modeli ilikosea joto kwa chini ya nusu ya digrii.

Hapo ndipo pa kuanza kuungama, ingawa dhambi hii ya kwanza ni ya uzembe tu. Vipimo vya hewa haviko kama karata. Ukimwuliza mtu joto la saa nane na dakika kumi, naye amekwishaonyeshwa la saa nane kamili na la saa nane na dakika ishirini, atakosea vipi? Modeli yangu iliingia chumba cha mtihani na majibu mfukoni, nami ndiye niliyeyatia. Njia sahihi ilikuwa kuificha wiki nzima, au mwezi mzima, kisha niiulize kuhusu siku ambazo haijawahi kuziona. Nilijua. Mwalimu wetu wa mwaka wa tatu alilisema jambo hilo mpaka tukamtungia utani. Lakini nilipojaribu kwa wiki, tarakimu zikawa mbaya, nikaamua kwamba wiki ile haikuwa ya kawaida.

Dhambi ya pili sina namna ya kuiita uzembe. Nilipochora grafu ya unyevu, niliona usiku mwingi mstari unapanda hadi 99.9 na kuganda pale mpaka asubuhi, kama ukuta. Ulinikera. Unaharibu mchoro, na unaifanya modeli ibabaike. Vihisi vya bei rahisi kweli havisomi vizuri hewa inapokaribia kujaa mvuke. Hilo wataalamu wanalikubali. Nikalishika neno hilo kama kichaka cha kujifichia. Nikaandika amri ya mstari mmoja inayofuta kila kipimo kilichozidi 95, na pembeni yake nikaacha maelezo: "ondoa hitilafu". Vikaondoka vipimo zaidi ya 5,000. Hata kwenye simu nikaielekeza programu isivionyeshe tena.

Sikujiuliza swali ambalo mtoto angeuliza: mbona hitilafu hizi zinatokea usiku tu? Kifaa kibovu hakichagui saa.

Nieleze kidogo kinachotokea, kwa sababu ndicho kilichoniumbua. Jioni, saa kumi na moja, hewa ya kitaluni ina nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 65. Ni hewa nzuri, ukiipumua huhisi kitu. Ukiifungia ndani ikapoa, mvuke uliomo hauna pa kwenda. Hewa ikifika nyuzi 17 tayari imeshiba, na umande unaanza kushuka. Hapo sijahesabu maji yanayotoka kwenye udongo na kwenye majani yenyewe, wala plastiki ya juu, ambayo usiku wa mawingu machache hupoa kuliko hewa na kuanza kudondosha. Kwenye mteremko ule mwezi Juni na Julai, usiku unashuka chini ya nyuzi 17 mapema sana. Kwa hiyo ule ukuta wa 99.9 ulikuwa kweli tupu. Kihisi kilikuwa kinasema kwa lugha yake kwamba majani yamelala na maji.

Modeli za miti ya maamuzi zina tabia moja: haziwezi kutamka namba iliyo juu ya zile zilizofundishwa. Hukisia kwa wastani wa kilichokwishaonekana. Mimi nilikuwa nimeifundisha dunia isiyo na saa hata moja ya unyevu uliozidi 95, na tena isiyo na mwezi wa Juni. Nikaiambia: chagua, pazia lifungwe au liachwe, ili joto la usiku likaribie nyuzi 16, mradi unyevu unaobashiriwa usipite 92. Kila jioni ikabashiri 86, 88, 87. Kila jioni ikafunga.

Mzee alikuwa na desturi ya kuacha uwazi wa shubiri moja chini ya pazia, upande usio na upepo. "Nyumba ya nyanya lazima ipumue, injinia," aliniambia. Injinia ndilo jina alilonipa, sijui kwa heshima au kwa kejeli. Nilimweleza kwamba uwazi ule unapoteza joto. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," na usiku nikaona kwenye simu joto linashuka. Alikuwa ameilegeza mota kwa mkono. Ikatokea mara ya pili, na ya tatu. Wiki iliyofuata nilinunua kufuli pale sokoni Tengeru, nikakifunga kisanduku cha mota, na funguo zote mbili nikatia mfukoni mwangu. Mzee alikuwa anapalilia. Alisikia mlio wa kufuli, akanitazama mara moja, akaendelea kupalilia.

Jambo ambalo bado linaniuma ni kwamba nilikuwa nimelisoma. Waholanzi haohao niliokuwa nikiwataja kila sentensi ya pili huwasha mabomba ya joto huku wameacha dirisha wazi kidogo, wakijua wanapoteza nishati, ili unyevu utoke. Uwazi wa mzee na dirisha la Mholanzi ni kitu kimoja. Niliiona aya hiyo, nikairuka, kwa kuwa sisi hatuna mabomba.

Katikati ya Juni mzee aliniomba fedha ya dawa ya ukungu. Alitaka tupige ya kukinga, kabla, kwa sababu baka jani chelewa likishaingia kwenye jani hakuna bomba la mgongoni linalolitoa. Nilimfungulia simu nikamwonyesha: hatari, ndogo. Nikamwambia asipige mpaka nimwambie. Nilikuwa na sababu yangu nyingine, ambayo sikumwambia yeye wala shangazi. Nilitaka mwisho wa msimu niandike kwamba mfumo wangu umepunguza matumizi ya dawa kwa nusu. Sentensi hiyo nilikuwa nimekwisha kuiandika, pamoja na kichwa cha habari.

Wiki ya pili ya Julai, siku ya Alhamisi, akanipigia. "Injinia, kuna majani huku katikati kama yamemwagiwa chai ya moto."

Nikasema pengine mbolea imezidi. Niko Arusha mjini, nitapanda Jumamosi.

Jumamosi nilipofungua mlango nilipokewa na harufu. Sijui niifananishe na nini. Viazi vilivyosahauliwa gunia zima vinakaribia. Majani yalikuwa na mabaka meusi yenye kingo za maji, na ukiyageuza unaona utando mweupe kama unga wa muhogo. Mashina yamekuwa kahawia. Matunda mabichi yana madoa magumu kama ngozi ya kiatu. Ni kiini kilekile cha ugonjwa, Phytophthora infestans, kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuwaacha watu na njaa kuu. Sasa kilikuwa kwenye mita za mraba 240 za shangazi yangu, kimefungiwa ndani kwa kufuli langu, kikiwa na joto la kukitosha na maji ya kukitosha. Tulichuma mara mbili tu. Baada ya siku 9 tuling'oa yote.

Sasa nafika mahali ninapotamani niandike haraka nipite, na kwa sababu hiyo nitasimama.

Shangazi alikuja siku ya kung'oa. Alisimama mlangoni, mkoba mkononi, hakuingia. Akaniuliza mimi, mbele ya mzee: "Baba, dawa ilipigwa?"

Nikajibu: "Haikupigwa, shangazi."

Ni kweli, haikupigwa. Akamgeukia mzee na kumtazama, maana katika shamba lile kupiga dawa ni kazi ya mzee na kila mtu anajua. Nilikuwa na nafasi ya kuongeza maneno matatu: mimi ndiye niliyemkataza. Nikainama nikaanza kukunja kamba. Mzee naye hakusema kitu. Nilifikiri wakati ule kwamba amekosa la kusema. Siku hizi naamini alikuwa ananisubiri.

Mwisho wa mwezi shangazi alimlipa mshahara wake, akamwambia apumzike kidogo mpaka watakapopanda tena. Sote tulijua maana ya kupumzika.

Wiki mbili baada ya kung'oa ilikuwa Nanenane. Nilikuwa nimealikwa kwenye banda la jamaa fulani pale viwanja vya Themi, Njiro, nionyeshe kazi yangu kwa vijana. Nilikwenda. Nikasimama na kipaza sauti mbele ya ile grafu yenye kosa la nusu digrii, mistari miwili iliyolaliana kama mume na mke siku ya harusi, na nikaeleza jinsi kitalu kinavyoweza kujiendesha chenyewe. Mtu mmoja wa makamo akauliza: na mavuno yalikuwaje? Nikasema msimu bado unachambuliwa. Vijana wanne wakaomba programu, nikawatumia palepale.

Nimejaribu kujitetea kwamba wakati huo bado sikujua chanzo. Kwa upande wa vipimo, hilo ni kweli. Niligundua Desemba, nilipofungua kazi ile ili niandae ombi la fedha za msimu mpya. Nikakutana na mstari wangu mwenyewe, "ondoa hitilafu", nikashangaa ni hitilafu gani hizo elfu tano. Faili la awali lilikuwepo. Vihisi viliendelea kuandika kila kitu, ni mimi tu niliyekuwa nimeziba masikio. Nikavirudisha. Nikachora kwa saa za siku. Vyote, isipokuwa vichache vya siku za mvua, vilikaa kati ya saa nne usiku na saa mbili asubuhi.

Kuna kanuni ya zamani ya Waingereza, aliyoitoa L. P. Smith mwaka 1956, ya kuwaonya wakulima wa viazi kuhusu ugonjwa huuhuu. Haihitaji kompyuta. Siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila siku ikawa na walau saa 11 za unyevu wa asilimia 90 au zaidi: jihadhari. Mwaka 2017 waliikaza zaidi, saa 11 zikawa 6. Nikaipitisha kanuni ya 1956, ile legevu, kwenye vipimo vyangu vya siku 24 kabla ya simu ya mzee. Siku 19 zilitimiza saa zake. Mkulima mwenye kalamu na daftari angepiga dawa Juni.

Halafu nikairudia modeli kwa haki, nikiificha wiki nzimanzima. Kosa la joto likapanda kutoka nusu digrii hadi digrii mbili na nusu. Nikailinganisha na kubashiri kwa kijinga kuliko kote, yaani kusema tu kwamba usiku wa leo utakuwa kama wa jana. Ule ujinga ukaishinda modeli yangu. Nilicheka peke yangu chumbani, kicheko kisicho na raha.

Niliwapigia wale vijana wanne. Wawili hawakuwa wameitumia, mmoja alikuwa ameuza vihisi, wa nne alinishukuru kwa unyoofu na sauti ya mtu ambaye hatapokea simu yangu tena.

Kwa shangazi nilikwenda Jumapili. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikaanza na habari za vihisi, mtihani, miti ya maamuzi. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye kufuli mkono ukasimama. Nilipofika kwenye dawa akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mzee aliomba fedha ya dawa, wewe ukamkatalia."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe ulijua lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya fedha. Nikaanza kusema Desemba, nilipofungua faili. Akanikata.

"Sikuulizi kompyuta. Nakuuliza hilo la dawa. Ulijua lini?"

"Siku ileile, shangazi. Uliponiuliza mlangoni."

Alikaa kimya muda mrefu. Amefundisha darasa la nne miaka mingi, na ukimya wake nadhani umewakamua watoto wengi. Mwishowe akachukua ungo. "Mimi fedha yangu nitailia mwenyewe. Nenda kwake. Mimi usiniombe chochote kwa ajili yake."

Nyumbani kwa mzee ni juu zaidi, unapita migomba na kahawa, njia inateleza hata wakati wa kiangazi. Nilimkuta anarekebisha banda la kuku. "Shikamoo mzee." "Marahaba, injinia. Karibu kiti." Kiti kilikuwa ndoo iliyopinduliwa. Nikasema yote, na safari hii nilianza na dawa, vihisi vikaja mwisho. Alisikiliza akiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo hata kama angetaka kunikatiza asingeweza. Nilipomweleza kwamba vihisi vyangu vilikuwa vinasema kile alichokuwa akisema yeye, kwamba majani yamelala na maji, aliitoa misumari.

"Vilisema?"

"Vilisema, mzee. Kila usiku. Nilivifuta."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya ng'ombe wa jirani. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumdai. Aliniuliza kama shangazi anapanda tena, nikamwambia Machi, na kwamba shangazi amesema nafasi yake ipo, kama yeye mwenyewe atapenda. Akasema ataangalia; ana njegere zake, na mke wake anaumwa miguu. Aligonga msumari mmoja, wa pili ukapinda.

"Ile kufuli," akasema. "Bado unayo?"

"Ninayo."

"Hapa kicheche amekwisha kula kuku watatu, na wa nne nashuku si kicheche, ni mtu. Niletee."

Nilimpelekea Jumamosi, pamoja na funguo zote mbili.